Aliyeitwa kwa Pilipili

Nyumba ya Mwalimu Élie ilikuwa haijapika nyama tangu mvua za mwaka uliopita, kwa hiyo jioni ile harufu ya nyama ya kuchomwa ilipopita mlangoni, kila aliyekuwa ndani aliinua kichwa. Ulikuwa mwaka 2000, mjini Baraka. Askari walikaa mjini, wapiganaji wa Mai-Mai walikaa milimani, na mbuzi wa mwisho wa mtaa ule alikwisha kuliwa na wenye bunduki. Sasa nani anachoma nyama? Suzanne, mtoto wa Élie, wa miaka sita, alitimua mbio kwenda uani huku anacheka, akijua leo kuna kula.

Alimkuta mama yake, Solange, amesimama kando ya moto, ameshika sufuria ya mawese yanayochemka kwa mikono mitupu. Hakuwa na kitambaa wala jani. Alimtazama mtoto kwa utulivu, akamwuliza kama ameshanawa. Vidole vyake vilikuwa vinatoa moshi.

"Mama, mukono! Mama, mukono yako!"

Élie alitoka mbio, akampiga mkewe kwenye kiwiko, sufuria ikaanguka, mawese yakamwagika majivuni. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye chuma. Solange alivigeuza viganja vyake, huku na huku, kama mtu anayeonyeshwa vitu vya jirani.

"Papa Suzanne, haiumi," alisema kwa sauti ndogo. "Minaona nimeungua. Lakini haiumi."

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Émilienne, mama mzazi wa Élie. Hakupiga kelele, hakukimbilia maji. Alimkazia macho mkwewe kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Muntu wa maji hasikie moto."

Hapa lazima nimtaje Aline, maana bila yeye hakuna ambaye angefikiria maji. Aline alikuwa dada mdogo wa Élie. Mwaka 1996, vita ya kwanza ilipoingia Baraka, watu walikimbilia boti kuvuka ziwa kwenda Tanzania, na boti waliyopanda wao ilijazwa kupita kiasi, ikapinduka kabla ya kuzunguka rasi ya Ubwari. Élie alimshika dada yake kwa blauzi. Kisha bidon tupu, dumu la plastiki, ikapita karibu, naye akaachilia blauzi akaishika bidon, akidhani atamrudia. Hakumrudia. Maiti haikuonekana, matanga yalikaliwa bila kaburi, na Mama Émilienne hakuwahi kumwuliza mwanawe ilikuwaje. Afadhali angeuliza! Kutouliza kwake kulimtafuna Élie miaka minne.

Solange naye alikuwa mwanamke wa kazi. Shule ilipofungwa na askari wakachoma madawati kupikia, yeye ndiye aliyelisha nyumba. Alikwenda kwa miguu hadi Lubondja kuchukua mawese, akarudi na bidon mbili ndani ya kitunga mgongoni, mkanda wa kitunga umepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, kama wanavyobeba wanawake wote wa kule. Alikuwa mcheshi. Kicheko chake kilifika hadi nyumba ya tatu. Lakini mwaka ule kicheko kikawa kinakatika katikati: akianza tu, anajishika kisogo, anafumba macho, ananyamaza. Ukimwuliza, anasema ni kama kuna mtu amesimama nyuma yake na mchi, anangojea acheke ampige.

Élie alimpeleka kwa Déogratias, infirmier, yaani muuguzi, wa dispensaire ya mtaa. Déogratias alisema malaria, akampa dawa ya kinini, masikio yakavuma wiki nzima. Mara ya pili alisema minyoo. Mara ya tatu alisema ni mawazo ya vita, bamama bote banaumwa kichwa. Mara ya nne, kinini tena. Élie alitoka pale amekunja ngumi mfukoni, hajui ampige nani.

Wiki moja baada ya kuungua, Mama Émilienne alikuwa uani anatwanga pilipili kavu, ya kutia kwenye ndagala, dagaa wa ziwani. Solange alikuwa amekaa karibu, anakunywa maji, mikono imefungwa vitambaa. Vumbi la pilipili likamfikia, akapiga chafya moja. Moja tu! Alitoa ukelele, akajishika kisogo, magoti yakaisha nguvu, akaanguka ubavu, na maji aliyokuwa anakunywa yakamtoka puani. Alipofumbua macho, macho yenyewe yalikuwa yanacheza: yanashtuka kwenda chini, yanapanda polepole, yanashtuka tena chini, kama anafuata kitu kinachozama. Akajaribu kusema. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, haikuwa yake hata kidogo.

Mama Émilienne aliacha mchi. Alipiga magoti, akamshika mkwewe mashavu kwa mikono yenye pilipili.

"Aline?" alinong'ona. "Aline wangu, ni weye?"

Na Solange, mwenye maumivu ya kutaka kupasuka, akapiga chafya ya pili.

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri, Élie akiwa ameondoka kutafuta kibarua, Mama Émilienne alileta kinu chake hadi miguuni kwa Solange, akatwanga. Solange angefanya nini? Miguu yake ilikuwa imeanza kutanuka akitembea, anayumba kama amelewa pombe ya lotoko, akijaribu kuondoka anashika ukuta. Mama mkwe humkimbii, wala humfukuzi. Anakaa hapo, chafya inakuja, anaanguka, na yule mama anamwinamia usoni, anamwuliza habari za ziwani: kama kule chini ni baridi, kama anaona njaa, kama amewaona wengine wa boti ile.

"Mama, miye siko Aline," Solange alisema kwa ile sauti yake mpya. "Miye ni Solange. Kichwa inauma. Wacha pilipili."

"Bantu balikufa banakanaka majina yao," alijibu Mama Émilienne, machozi ya furaha yakimtiririka.

Élie alipogundua, alipiga teke kinu kikavuka ua. "Mama! Uko naua Solange, bibi yangu!"

Mama yake hakusimama hata. Alikusanya pilipili iliyomwagika, punje kwa punje. "Weye njo unaniambia habari ya kuua?" alimwuliza.

Neno lile Élie alilingoja miaka minne, na sasa lilikuja. Aliingia ndani akaketi. Mtu mwingine angegomba, angemhamisha mkewe siku ileile. Élie hakufanya hivyo, na ubaya wenyewe, niseme wazi, ni kwamba naye alikuwa ameanza kusadiki.

Siku moja Mama Émilienne alikwenda ufukweni kungoja ndagala. Suzanne alikuwa kwa jirani. Élie alifunga mlango wa ua, akachukua pilipili tatu, akazisaga kwa jiwe mbele ya mkewe. Solange alimtazama. Hakuamini mwanzoni.

"Mara moja tu," alisema Élie. "Niulize kitu kimoja tu, kisha basi."

Chafya ilikuja, Solange akaanguka mikononi mwake, macho yakishuka, yakishuka, pumzi ikikoroma, maji yakimtoka puani ingawa siku ile hakuwa amekunywa kitu, na Élie akamwinamia sikioni, akauliza haraka haraka lile alilolibeba tangu 1996, kama Aline aliuona mkono wake ukiachilia, kama alijua ni kwa makusudi au siyo, kama alimwita.

Alingoja. Kwa mbali kuku alikuwa anapekua majani makavu.

"Papa Suzanne," ilisema ile sauti ya kukwaruza, "ni miye Solange. Unaniumiza."

Siku mbili Solange hakuweza kusimama. Mara ya kwanza alipokwenda chooni, alikwenda kwa magoti, na Élie alimfuata nyuma akibeba kopo la maji, hana mahali pa kuweka uso wake. Solange hakumlaumu. Ilikuwa mbaya zaidi hivyo.

Hapo ndipo Élie alipoitoa registre ya shule. Lilikuwa daftari kubwa la kuandikia watoto waliofika na wasiofika, kitu pekee alichookoa siku madawati yalipochomwa. Majina ya wanafunzi yalikuwa bado yamo, wengi sasa wako kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa, wengine hawako popote. Élie alifungua ukurasa mtupu, akaanza kuandika siku, saa, na kitu kilichotokea kabla Solange hajaanguka. Alitaka kulijua jini hili linakuja saa ngapi, na kwa mlango gani.

Aliandika wiki tano. Alasiri moja alikuwa anaandika hivyo Solange amelala kwenye mkeka, jua kali nje, Suzanne anaimba uani, mchana kweupe kabisa, na Élie akasikia kwamba kuna kitu kimepungua chumbani asijue ni nini, akainua kalamu, akasikiliza, ndipo akagundua kwamba pumzi ya mkewe haipo, kifua hakipandi, mdomo uko wazi na hakuna kinachoingia wala kutoka, akahesabu kidole cha kwanza, cha pili, mkono mzima, mkono wa pili, mpaka Solange aliposhtuka mwili mzima akavuta hewa kwa mlio mrefu kama mtu anayetoka chini ya maji, kisha akaendelea kulala kama kawaida. Mlangoni Mama Émilienne alikuwa amesimama, ameshika kanga yake kifuani.

"Umesikia?" alinong'ona. "Njo namna alivyokufa. Anatuonyesha."

Élie alipiga yowe la hasira hadi majirani wakatoka.

Mama Émilienne ndiye aliyemwita Fundi Alimasi. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufumwa na baiskeli isiyo na breki, na mji mzima ulimjua kwa kufukuza majini. Lakini Mama Émilienne hakutaka afukuze. Alitaka alitulize jini, alipatie kiti, ili Aline akae vizuri ndani ya Solange bila kumwangusha.

"Wengine bananilipa itoke," Fundi Alimasi alisema. "Weye unataka ibaki. Haya, tuone kwanza ni nani."

Alifukiza ubani. Hakuna kitu. Alisoma, akapuliza, akasoma tena. Solange alikaa tu, amechoka, anamtazama. Alimpa kombe, maandishi aliyoyaosha kwenye sahani. Solange alimeza mara moja, akapaliwa, maji yakarudi kwa pua, akakohoa, na kikohozi kikamwangusha kama kawaida. "Umeona!" alipiga makofi Mama Émilienne. Fundi Alimasi hakupiga makofi. Alingoja hadi Solange alipoketi, akamwomba akohoe tena kidogo, kwa hiari yake. Akakohoa kidogo, akashika kisogo. Akamwambia apulize kwa nguvu huku amefunga mdomo na pua. Akashika kisogo. Kisha akamwita jini kwa majina kumi na manne, moja moja, kwa sauti ya kuamrisha, na Solange akapiga mwayo.

Fundi Alimasi alianza kukusanya vitu vyake.

"Mama, nimefukuza majini miaka makumi mbili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika. "Majini iko na kiburi. Inataka marashi, inataka nguo, inataka ngoma, inajitaja jina lake na la baba yake bila kuulizwa. Hii haitaki kitu. Nimeiita haiji. Akikohoa, iko hapa. Jini gani inangojea mafua? Mupeleke ku munganga wa hospitali."

"Muongo!" Mama Émilienne alisimama. "Unaogopa bantu balikufa mu maji!"

"Mwalimu," alisema Fundi Alimasi akimgeukia Élie, "na huyu mama umunyang'anye pilipili."

Mama Émilienne alimfukuza na ufagio hadi barabarani. Nimewahi kuona waganga wakifukuza majini. Mganga kufukuzwa na mwenye jini nilisikia ya nyumba ile tu.

Kesho yake Élie alimbeba mkewe mgongoni hadi dispensaire. Déogratias alikuwa nje, chini ya mabati machache yaliyosalia, anaosha sindano. Alipowaona, alishusha pumzi. "Kichwa tena?"

Élie hakusalimu. Aliibwaga registre juu ya meza. "Soma."

"Élie, niko na bagonjwa…"

"Soma, nimesema! Mara arobaini na moja. Soma zote!"

Déogratias alisoma kwa uso wa kutaka amalize upesi. Solange alipiga chafya, akaanguka. Alicheka, akashika kisogo. Aliinua ndoo. Alikohoa. Aliinama kufunga kiatu cha mtoto. Alijikaza chooni. Alipaliwa na maji. Alishika kaa la moto, hakujua. Katikati ya ukurasa wa pili mwendo wa macho yake ulibadilika. Alirudi juu, akaanza upya, kidole kwenye mstari.

"Kila mara?" aliuliza. "Hakuna siku inakuja yenyewe tu, bila kikohozi, bila kujikaza?"

"Hakuna."

Déogratias alifunga daftari. Alimwambia Solange aguse pua yake kwa kidole, kisha kidole cha muuguzi. Mkono wa Solange ukatangatanga hewani, ukapita pembeni. Alimwambia atembee kisigino mbele ya vidole. Hatua mbili, akamwangukia. Alimwambia atazame chini, na macho yale yakaanza kucheza. Mwisho alichukua makopo mawili, moja akatia maji ya moto ya kuchemshia sindano, lingine maji ya mtungi, akamwambia afumbe macho, akamwekea moja kila mkono.

"Ya moto iko mukono gani?"

Solange alifikiri. Alifikiri kweli, na kwa bidii, kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Sijue," alisema, machozi yakaanza kumtoka. "Nasikia kopo. Moto sisikie."

Déogratias alikaa kitako. Akachukua bidon ya mawese iliyokuwa chini ya meza, akawaonyesha mdomo wake uliozibwa na gunzi la mahindi.

"Nyuma ya kichwa, hapa kisogoni, kuko ubongo mudogo. Njo inatusaidia kutembea sawa, kushika sawa. Ya Mama Suzanne imeshuka. Imeingia mu tundu ya shingo, sawa hii gunzi. Akikohoa, akicheka, akijikaza, nguvu inaisukuma, gunzi inakaza. Pale pale kunapita mishipa ya kumeza, ya sauti, ya kupumua. Na maji ya uti wa mgongo inakosa njia, inaingia katikati ya uti, inakata mishipa ya kusikia moto." Aliirudisha bidon chini ya meza. "Nilisoma hii Bukavu. Ukurasa moja. Sikuwaza nitaionaka na macho."

"Na ile mikanda, mizigo ya Lubondja?" aliuliza Élie.

"Mizigo haikuileta. Pengine alizaliwa nayo. Lakini haikumusaidia."

"Mwaka muzima, Déo." Sauti ya Élie ilipasuka. "Mwaka muzima ulimupa kinini!"

"Ningemupa nini?" Déogratias naye alipaza sauti. "Nilikuwa na kinini!"

Walitazamana, wote wawili wanahema. Solange ndiye aliyewatuliza. Aliuliza kama kuna dawa.

Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na kisu. Mfupa ungepunguzwa nyuma ya kichwa, tundu lipanuke. Huku Congo, barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa na vita. Njia ilikuwa moja, kuvuka ziwa hadi kambini Tanzania, kwa madaktari waliokuwa na uwezo wa kumtuma mbele. Déogratias aliandika barua ya kurasa mbili. Kabla hawajaondoka alimshika Élie bega. "Asibebe kitu. Asikunjwe shingo. Na ile pilipili, Élie, chafya moja kali inaweza kukata pumzi yake moja kwa moja. Unasikia?"

Élie alisikia. Alifika nyumbani, akachukua kinu, mchi na pilipili zote, akavitupa chooni mbele ya mama yake. Alimweleza yote, gunzi na bidon, polepole kama anavyofundisha darasa la kwanza. Mama Émilienne alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo batamukata Aline," alisema.

Kuvuka ziwa kulihitaji karatasi ya askari. Siku tisa Élie alizungushwa kutoka bureau moja ya askari hadi nyingine: hapa mwenye muhuri amekwenda kula, pale mwenye muhuri ni yule wa mwanzo, kule wanamwuliza kama mkewe ni jasusi wa Mai-Mai, wanacheka, wanamwambia aje kesho. Mwenye boti, jina lake Roger, alikubali kuwachukua Alhamisi alfajiri, Solange akilazwa juu ya mbao. Alisema hata mtoto ana nafasi, miguuni kwa mama yake.

"Mutoto wangu hapandi boti," Élie alimjibu.

"Boti yangu ni nzima."

"Nimesema hapandi! Atabaki na nyanya yake."

Roger aliinua mabega. Mtu wa Baraka ambaye hakujua kwa nini Élie aliogopa boti hakuwapo.

Jumatano, saa sita mchana, muhuri ulipigwa. Élie alirudi anakimbia, karatasi mkononi, kwa mara ya kwanza mwaka ule ana habari njema, na alipofika kwenye kona ya mtaa koo likamkereketa. Alisimama. Akanusa tena. Ilikuwa pilipili, si ya kutwangwa bali ya kuchomwa, pilipili nyingi juu ya makaa, moshi wake unatambaa chini chini kutoka ua wake hadi barabarani, watu wanakohoa na kufunga madirisha, na yeye akakimbia ndani ya moshi ule macho yamefumbwa, akigonga mlango, akigonga ukuta, akiita jina la mkewe, hadi alipojikwaa kwenye miili miwili chini ya blanketi moja, mama yake amemkumbatia Solange kwa nguvu juu ya chungu cha makaa, anambembeleza, anamwimbia wimbo wa Kibembe wa kulaza watoto, aliokuwa anamwimbia Aline.

"Mara moja tu," alisema Mama Émilienne, macho yamevimba. "Nimuage tu. Ile siku sikumuaga."

Solange alikuwa hapumui. Élie alimlaza chali, akakinyoosha kichwa bila kuikunja shingo, akampulizia mdomoni, akangoja, akapuliza, akangoja. Alihesabu kama alivyohesabu siku ile ya mkeka, akapita mkono wa pili, akapita wa tatu, akaanza kusema kwa sauti, "Siachilie, siachilie, siachilie," na hakujua anamwambia nani kati ya mkewe na dada yake. Pumzi ilirudi kwa mlio ule mrefu. Alikaa naye hivyo, kichwa kati ya mikono yake miwili, hadi alfajiri Roger alipogonga.

Ziwa lilitulia siku ile. Walivuka wawili, Suzanne akabaki na nyanya yake.

Sitawachosha na habari za kambi, na barua, na treni ya kutoka Kigoma, na madaktari waliosoma registre ya shule ya Baraka wakaitana waje waione. Solange alikatwa. Miezi kumi na moja baadaye boti ya Roger iliwarudisha, Solange ana kovu refu kisogoni na fimbo mkononi, anatembea polepole lakini miguu imekaribiana. Viganja bado havikusikia moto. Lakini alikunywa maji bila kupaliwa. Na alicheka. Pale ufukweni, Roger alipoteleza akakaa majini na suruali yake, Solange alicheka hadi nyumba ya tatu, kichwa wima, hakushika kitu, na Élie alilia mbele za watu.

Suzanne alikuja mbio akawarukia. Alikuwa amerefuka. Mama Émilienne alibaki mlangoni. Alimtazama Solange mara moja, akatazama kovu, akageuza uso kama anayeona nyumba iliyobomolewa. Élie alijiambia atazoea. Aliangalia uani: hakuna kinu.

Jioni walikaa kuzunguka moto, Solange akasimulia tena anguko la Roger, kwa mikono na kwa sauti. Suzanne alicheka, akajipigapiga mapaja, akacheka zaidi, kisha kicheko kikakatika katikati. Mkono wake mdogo ukaenda kisogoni. Akafumba macho, akanyamaza.

Solange aliacha kusimulia. Fimbo yake ilianguka. Aliuchukua mkono mwingine wa mtoto, akaugeuza kwenye mwanga wa moto, na kiganjani kulikuwa na kovu la kuungua, laini, la zamani.

"Hii ya lini?" Élie aliuliza, na hakuitambua sauti yake.

"Zamani," alisema Suzanne. "Haiumi, papa."

Nyuma yao, ndani ya nyumba, kulisikika jiwe likisaga kitu juu ya jiwe. Kisha Mama Émilienne akaita kwa upole, kama mtu anayemwita mtoto kula.

"Aline."

"Nakuja, mama," aliitika Suzanne, akainuka upesi kama aliyezoea, akaanza kwenda, miguu imetanuka, mkono mmoja unatafuta ukuta.